Mkaza Mwana na Wakwe Zake: Tamthilia ya Kichina kwa Jicho la Kasongo na Kabambare

Mwezi Novemba 2011 Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC) lilianza kuonyesha tamthilia ya televisheni kutoka China yenye sehemu 36, iliyotiwa sauti za Kiswahili na Redio China Kimataifa na kupewa jina la Doudou na Mama Wakwe Zake. Ilikuwa tamthilia ya kwanza ya Kichina kuzungumza Kiswahili. Mwezi Machi 2013 Rais Xi Jinping, alipohutubia jijini Dar es Salaam, aliitaja na kueleza kwamba iliwawezesha Watanzania kuyajua machungu na matamu ya familia za watu wa kawaida nchini mwake. Tangu hapo imezungumzwa sana kama daraja baina ya mataifa, na kidogo mno kama kazi ya sanaa. Wanaosifu daraja hutazama ng'ambo zote mbili. Ni nadra kumwona anayeinama kutazama nguzo zake zimesimama juu ya nini.

Makala haya yanakusudia kuinama kidogo. Hoja yake ni kwamba tamthilia hii inapendeza kweli, na mhakiki hana sababu ya kuona haya kuipenda. Lakini ndoa iliyo katikati yake, yaani ndoa ya Doudou na mumewe Yu Wei, ina kasoro ambayo tamthilia yenyewe huifunika kwa kicheko. Zaidi ya hayo, utamu huo na kasoro hiyo hutoka katika chemchemi moja, hata haiwezekani kuuonja mmoja bila kuimeza nyingine. Mahali pa kutazamia ni kusini mwa Maniema, katika Kasongo na Kabambare, kwa sababu mbili: lugha na ukwe.

Kuhusu lugha, historia inafahamika. Kiswahili kilifika huko katika karne ya 19 pamoja na misafara iliyotoka Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika, ikapita Kabambare na kuingia Kasongo, mji uliokuwa makao ya Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, na baadaye ya mwanawe Sefu, hadi ulipotekwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo mwaka 1893. Biashara ile ya pembe na ya watu iliacha makovu. Iliacha pia Waislamu wengi, pamoja na lugha iliyokuja kuitwa Kingwana. Leo Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa nchini Kongo, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Mtu wa Kasongo anapomsikia mwigizaji akisema Kiswahili sanifu, haisikii lugha ya kigeni, wala haisikii lugha ya jikoni kwake. Anasikia kile ambacho Wakongo hukiita "Kiswahili bora", lugha ya mahubiri, ya kitabu na ya redio. Kwa hiyo Doudou anapofungua kinywa mbele ya wakwe zake, huwa amekwisha kuvaa joho la mwalimu. Jambo hili laonekana dogo, lakini mfano wa kuigwa hupata sehemu kubwa ya nguvu zake kutokana na lugha unayozungumzwa nayo.

Ifahamike pia namna utazamaji unavyokuwa. Filamu na tamthilia za ng'ambo hufika sehemu hizo kwa dishi la satelaiti, kwa diski zilizonakiliwa, na siku hizi zaidi kwa kadi ya kumbukumbu ya simu. Hutazamwa palipo na jenereta au paneli za jua, na mara nyingi kwa vipande visivyofuatana. Anayeiona sehemu ya 20 kabla ya ile ya tatu hana budi kusimuliwa yaliyotangulia na yule aliyekwisha kuyaona, na msimuliaji huyo hasimulii kwa Kiswahili bora. Husimulia kwa Kingwana. Tamthilia basi huwa na maisha mawili: moja kwenye kioo, jingine mdomoni. Jambo hili litarejewa mwishoni, maana maisha haya mawili hayakubaliani katika kila kitu.

Kisa chenyewe hakina mzunguko mwingi. Mao Doudou, muuguzi, anakutanishwa na Yu Wei, mpiga picha, kwa utaratibu wa kuchumbiwa unaotumiwa na vijana wengi wa miji ya China ambao umri wa kuoa umewapita wakiwa kazini. Wanapendana na kuoana. Lakini wazazi wa Yu Wei walikwisha kutalikiana zamani, na baba yake akaoa mke mwingine. Doudou anajikuta ana mama wakwe wawili: aliyemzaa mume wake na aliyeolewa na baba mkwe. Mama wa kwanza ana donda la kuachwa ambalo halijakauka, na wa pili ana nafasi yake ya kuilinda. Kila jambo linalopita katika nyumba ya vijana hawa, liwe zawadi, mlo, ziara au ugonjwa, hupimwa na wanawake hawa wawili kwenye mizani yao ya zamani, na anayeshika mizani hiyo mkononi ni Doudou.

Mtazamaji wa mjini Beijing au Shanghai huliona hilo kuwa balaa la kuchekesha. Kwa nchi ambayo sheria yake ya ndoa ya mwaka 1950 ilipiga marufuku mitala na ukewenza wa nyumba ndogo, mke mmoja kuwa na mama wakwe wawili ni jambo la kigeni, na ugeni huo ndio unaozaa kichekesho. Kasongo si hivyo. Sheria ya Familia ya mwaka 1987 iliyotungwa enzi ya Zaire haitambui ndoa ya mitala, lakini mila na dini zina kauli yao, na bibi harusi anayeingia katika nyumba ambamo mumewe ana mama mzazi na mama mkubwa au mama mdogo aliyeolewa na baba huyo huyo haingii katika jambo jipya. Huenda akawa na mama wakwe watatu. Kile ambacho mwandishi wa Kichina amekitunga kwa kutumia talaka, mtazamaji wa Kasongo hukitambua kwa jina jingine: ni ukewenza. Maneno ya fumbo, sahani inayopelekwa huku ikachelewa kupelekwa kule, sifa inayotolewa kwa mmoja ili mwingine asikie, yote hayo ni mali ya ukewenza. Ndiyo maana tamthilia hupokelewa huko bila haja ya utangulizi wowote juu ya desturi za Wachina. Mwandishi alidhani anaandika juu ya matokeo ya talaka katika mji wa kisasa. Kumbe kwa masikio haya ameandika juu ya ua wa wake wenza baada ya mume wao kuzeeka.

Hapo ndipo utamu ulipo, na yafaa usemwe bila kigugumizi. Tamthilia hii husikia vizuri. Wahusika wake hawahutubu. Wananung'unika, wanakatizana, wanarudia yale yale kama watu wa nyumba moja wanavyorudia. Ugomvi hauanzi kwa neno kubwa bali kwa neno dogo lililosemwa mahali pasipo pake. Mama anayekuja kumwona mwanawe hamwambii mke wake kwamba hampendi; hufunua chungu, hutazama ndani, hunyamaza. Kila aliyekulia katika nyumba ya watu wengi anajua ukimya wa aina hiyo hugharimu kiasi gani. Doudou naye si malaika wa mbao. Anachoka, ananuna, anakosea, anajuta, na uso wa mwigizaji Hai Qing unaweza kuonyesha tabasamu la mbele na uchovu wa nyuma kwa wakati mmoja. Hata sauti za Kiswahili, ambazo hapa na pale huukimbiza mdomo wa Mchina kwa kuwa sentensi ya Kiswahili ina silabi nyingi zaidi, zimefanikiwa katika jambo gumu kuliko yote: kumfanya mtazamaji asahau kwamba anatazama sauti ya mtu mmoja juu ya uso wa mwingine.

Sasa kuhusu kasoro. Mtu akiitazama tamthilia hii kwa makini na kujiuliza kila ugomvi umetatuliwa na nani, jibu hujirudia: Doudou. Ni yeye anayekwenda kwa mama huyu, kisha kwa mama yule. Ni yeye anayemeza tusi leo ili kesho pawe na chakula mezani. Ni yeye anayeomba radhi kwa kosa asilolitenda. Yu Wei ni mume mpole, mcheshi, mwenye mapenzi. Hapigi, halewi, hana nyumba ya pili. Kwa kipimo cha waume wa tamthilia nyingi, wa China na wa kwingineko, ni mume wa kutamaniwa. Na bado upole wake ni wa mtu aliyesimama mlangoni akitazama wanawake watatu wakizima moto uliowashwa na baba yake. Ana maneno ya kulainisha, mengine yakipunguza ukweli au kuuzidisha, ayasemayo kwa mama, kwa mama wa kambo na kwa mke ili kila mmoja alale salama. Hasemi na mama yake neno ambalo mwana peke yake ndiye angeweza kulisema. Tamthilia haimlaumu kwa hilo. Inamchukulia kama mtu mwerevu aliyebahatika kupata mke mvumilivu, na mwisho mwema unapofika, unafika kama malipo ya uvumilivu huo.

Hapa mtazamaji Mwislamu wa Kasongo amekwisha kutayarishwa kumwelewa Yu Wei. Yapo mafundisho mashuhuri, yaliyopokewa katika hadithi za Mtume, kwamba anayepatanisha watu kwa kusema maneno mema hahesabiwi kuwa mwongo. Fundisho hilo ni la hekima. Lakini lilihusu anayeingia kati ya wagomvi ili kuwapatanisha, wala halikusema kwamba kazi hiyo ni ya mke milele na ya mume siku za sikukuu.

Inafaa kuligeukia jina la tamthilia, maana jina hilo husema mengi. Kwa Kichina ni Xifu de meihao shidai, ambalo neno kwa neno ni "zama nzuri za mkaza mwana". Neno xifu humaanisha mke wa mwana, na katika usemi wa kaskazini mwa China huweza kumaanisha mke tu. Neno moja basi hubeba hali mbili: kuwa mke ni kuwa mkaza mwana. Kiswahili kina neno hilo hilo la mkaza mwana, zuri na la kale, ingawa vijana wengi hawalitumii tena. Watafsiri walilikwepa, wakaweka jina la mtu mahali pa cheo. Kwa kufanya hivyo walipoteza ahadi ya "zama nzuri", lakini walifichua kitu ambacho jina la Kichina lilikuwa limekifunika. Katika jina la Kiswahili mna mwanamke mmoja na wanawake wawili. Mume hayumo. Tena kiambishi cha kumiliki, "zake", kimewapeleka mama hao moja kwa moja kwa Doudou. Si mama za Yu Wei wanaomhusu mkewe. Ni mama wakwe zake yeye. Sarufi imemkabidhi mzigo kabla sehemu ya kwanza haijaanza.

Sarufi hiyo haikomei kwenye jina. Kiswahili humfanya mwanamume atende na mwanamke atendwe: mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Kichina nacho kina maneno mawili tofauti, moja la mwanamume "kuchukua" mke na jingine la mwanamke "kutoka" kwenda kwa mume, na pembeni yake kina neno la tatu linalowahusu wote wawili kwa usawa. Kiswahili pia kinalo la namna hiyo, yaani kuoana. Mtazamaji anayependa lugha angefurahi kufuatilia, katika sehemu zote 36, ni lini mhusika anasema "walipooana" na ni lini anasema "alipoolewa", maana kauli hizo mbili haziwekwi mahali pamoja bila sababu. Kuoana ni neno la vijana wanapozungumza wao kwa wao. Kuolewa ni neno la wazee wanapohesabu madai yao. Kisha lipo neno kupenda, ambalo katika Kiswahili cha Kongo mara nyingi hubeba pia maana ya kutaka. Anayesema anapenda maji anataka kunywa. Katika masikio kama hayo "nakupenda" ya Yu Wei husikika pia kama "nakutaka", na si kosa la msikiaji. Tamthilia yenyewe humwonyesha mume anayemtaka mke wake kwelikweli, na kumhitaji zaidi ya kumtaka, kwa sababu bila yeye angelazimika kuzungumza na mama yake.

Lakini neno zito kuliko yote ni kuvumilia. Katika ndoa za Waswahili, kutoka Lamu hadi Lualaba, hakuna neno linalosemwa mara nyingi zaidi kwa bibi harusi. Kungwi hulisema, shangazi hulisema, mama hulisema huku akilia. Ni neno la heshima, wala makala haya hayakusudii kulidhihaki. Nyumba nyingi zimesimama kwa sababu mtu fulani alivumilia. Kinachohojiwa ni kwamba neno hili halina mtendwa anayetajwa. Mtu huvumilia njaa, huvumilia baridi, huvumilia ugonjwa. Bibi harusi huambiwa avumilie tu, bila kuelezwa avumilie nini na kwa muda gani. Tamthilia ya Doudou imejengwa ndani ya pengo hilo la sarufi, na imelijaza kwa vichekesho.

Mhakiki angeweza kukoma hapo, na hoja ingekuwa na ukamilifu wake. Lakini Kabambare hairuhusu. Huko suala la mume aliyesimama mlangoni lina sura nyingine, kwa sababu mara nyingi mume hayupo hata mlangoni. Eneo la Kabambare lina dhahabu, na sehemu za Salamabila na Namoya, ambako dhahabu ilichimbwa tangu enzi ya Wabelgiji, huwavuta vijana wa kiume kutoka vijiji vya karibu na vya mbali. Kijana huoa, humweka mke kwa mama yake, naye huenda kuchimba. Harudi kila mwezi, na huenda asirudi mwaka huo. Anayebaki na mkaza mwana, akimpa shamba la kulima, akimhesabia unga na akiulizwa habari za mwanawe asizokuwa nazo, ni mama mkwe. Kwa mwanamke wa namna hiyo tamthilia ya Doudou haifanani na ndoto ya maisha ya mjini. Ni picha ya siku yake yenyewe, isipokuwa kwamba ya Doudou ina taa.

Ina pia mshahara, na hapa tofauti huwa kubwa. Doudou ni muuguzi. Ana kazi, ana kipato chake, na anaweza kufunga mlango na kuondoka. Kila mara anapoamua kubaki, amechagua kubaki, na uzuri wa tabia yake hutokana na uchaguzi huo. Uvumilivu wa mtu anayeweza kuondoka ni zawadi. Uvumilivu wa asiyeweza ni kitu kingine, hata kama kwa nje vinafanana kama sahani mbili za seti moja. Huko Kabambare akitaka kuondoka, kwanza litazuka suala la mahari, au mali kama isemwavyo Kongo, ambayo kwa mila nyumba ya wazazi wake inaweza kudaiwa iirudishe. Sheria ya Kiislamu ingesema mahari ni ya mwanamke mwenyewe. Mila husema ni ya ukoo. Na mara nyingi mila ndiyo iliyoipokea mbuzi, ikawachinja zamani. Sheria ya Familia ya 1987 iliweka mahari kuwa sharti la ndoa, ikamfanya mume kuwa mkuu wa nyumba, ikamtaka mke amtii, na ikadai apate idhini ya mume kwa mambo mengi ya kisheria. Marekebisho ya mwaka 2016 yaliondoa sharti la idhini. Ni hatua, tena si ndogo. Lakini karatasi iliyotiwa saini Kinshasa husafiri polepole kuliko kadi ya kumbukumbu.

Kwa hiyo mtu anaposema kumwambia bibi harusi wa Kabambare, "Mtazame Doudou, wakwe wawili, na bado anacheka", amefanya jambo ambalo tamthilia haikulikusudia ingawa imelirahisisha. Amechukua zawadi akaigeuza kodi. Na kwa kuwa Doudou amesema yote hayo kwa Kiswahili bora, lugha ya darasa na ya mimbari, ni vigumu kwa bibi harusi kumjibu kwa lugha ya jikoni.

Wapo watakaopinga kwamba haya ni kuilemea tamthilia ya kuchekesha kwa mzigo ambao haikuuomba. Pingamizi hili lina haki yake. Kichekesho kina njia zake za kusema kweli, na mtunzi wa vichekesho halazimiki kutoa hukumu. Lakini kichekesho kina jambo moja kisichoweza kulikwepa: lazima kichague nani achekwe. Hapa mama mkwe mzazi anachekwa kwa ukali wake, mama wa kambo kwa ujanja wake, Doudou kwa mahangaiko yake. Yu Wei hachekwi, anachekewa. Kuna tofauti kati ya kumcheka mtu na kumchekea, na tofauti hiyo ndiyo hukumu ya tamthilia, hata kama mtunzi hakuiandika.

Zaidi ya hayo, tazama anavyosawiriwa mama mzazi wa Yu Wei. Ndiye mwanamke aliyeachika. Ana hasira za ghafla, ana wivu, ana kumbukumbu inayokataa kulala. Watazamaji humcheka, kisha humhurumia kidogo, kisha humcheka tena. Hakuna anayesimama kuuliza kwamba labda naye zamani alikuwa Doudou, labda naye alivumilia miaka kadhaa kabla ya kuchoka au kuchokwa. Tamthilia imemweka mbele ya mkwe wake kama onyo: hivi ndivyo anavyokuwa mwanamke ambaye ndoa yake haikusimama. Baba, ambaye ndiye chanzo cha nyumba kuwa mbili, amepewa uzee wa amani. Hakika huyu mama ndiye mhusika mwenye kina kuliko wote katika kazi hii, na ni bahati mbaya kwamba amepewa sehemu ya mchekeshaji. Anayeitazama tamthilia mara ya pili kwa kumfuata yeye, badala ya kumfuata Doudou, atakuta hadithi nyingine kabisa, yenye huzuni na labda yenye ukweli zaidi.

Fasihi ya Kiswahili imewahi kulikabili jambo hili kwa njia nyingine. Katika tamthilia ya Penina Muhando, Nguzo Mama, iliyochapishwa mwaka 1982, wanawake wa kijiji wanajaribu kuisimamisha nguzo na wanashindwa, na mtazamaji analazimika kuuliza kwa nini nguzo haisimami na nani ananufaika na kulala kwake. Muhando hamtafuti mwanamke mmoja mwenye mgongo wa kutosha. Tamthilia ya Kichina, kinyume chake, imempata mwanamke huyo, ikamwegemezea nguzo begani, na ikawaalika watu waje wapige makofi. Ni haki kusema kwamba Nguzo Mama haijawahi kuvutia watazamaji wengi kama Doudou. Ni haki pia kusema kwamba mtu hutoka katika Nguzo Mama akiwa na swali, na katika Doudou akiwa na wimbo wa mwisho kichwani.

Hata hivyo swali lipo, nalo huzuka katika yale maisha ya pili ya tamthilia, yaani katika usimulizi. Kadi ya kumbukumbu inapokuwa imeharibika au mafuta ya jenereta yamekwisha, hadithi huendelea kwa mdomo, uani, wakati wa kupeta mchele au kumenya muhogo, na huendelea kwa Kingwana. Hapo Doudou huvuliwa joho la mwalimu. "Mama wakwe zake" huwa "bamama-mukwe yake". Uvumilivu wake, ukisimuliwa kwa lugha ya jikoni, huanza kuhesabiwa kama kazi inavyohesabiwa: alikwenda, akarudi, akapika, akaomba radhi, akakwenda tena. Na msikilizaji wa kike, ambaye katika kioo alikuwa akitazama kimya, sasa ana nafasi ya kukatiza: "Na bwana yake iko wapi?" Ni swali la kawaida la msikilizaji anayetaka kujua mhusika fulani yuko upande gani wa uwanja. Ni swali ambalo tamthilia, kwa sehemu zake zote 36, haikujiuliza kwa sauti.

Msimuliaji hujibu awezavyo. Husema alikuwa kazini akipiga picha, au alikuwa amesimama pale pale, au amenyamaza. Majina ya Kichina hayakai vizuri mdomoni, na la mume, ambalo halikuwekwa kwenye kichwa cha hadithi, ndilo la kwanza kusahaulika. Si ajabu basi kwamba katika masimulizi ya namna hiyo, katika nchi ambayo mwanamke hujulikana kwa jina la mume au la mtoto wake wa kwanza, Yu Wei huishia kuitwa "bwana ya Doudou" tu, na hadithi ikaendelea bila yeye.